Kung'arisha Waya wa Titani kwa Sumaku: Ni Mkwaruzo Upi Unaoondoka?

Sogeza sumaku karibu na waya wa titani, waya hautatikisika. Kwa uga sumaku, titani haina tofauti kubwa na hewa. Hata hivyo, katika maabara za vyuo vikuu vya Anshan nchini China na Jeonju nchini Korea Kusini, ni sumaku hiyohiyo inayotumika kuzilainisha nyaya za titani na aloi zake mpaka zing'ae. Inawezekana kwa sababu sumaku haiushiki waya. Inashika unga wa chuma. Unga huo huchanganywa na chembe kali za kusagia, kama almasi au oksidi ya alumini, ukawekwa katikati ya ncha mbili za sumaku. Chembe za chuma hujipanga kufuata mistari ya uga na kuwa brashi. Waya hupitishwa katikati ya brashi hiyo, brashi inazunguka, na vilele vidogo vya uso wa waya vinakatwa kidogo kidogo.

Mafanikio ya njia hii kwa kawaida hutangazwa kwa namba moja, nayo ni wastani wa mparuzo wa uso. Husemwa kwamba kabla ya kung'arisha namba ilikuwa sehemu kadhaa za kumi za mikroni, na baada yake imeshuka hadi sehemu chache za mia. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa hiyo ulaini huo si wa mchezo. Lakini naamini namba hiyo peke yake inatupotosha. Waya haukatiki kwa sababu ya wastani. Hukatika kwenye mkwaruzo mmoja mbaya uliokaa vibaya. Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu sumaku ni mkwaruzo upi umeondoka, ni upi mpya ulioachwa, na umelala kuelekea wapi. Ukiitazama njia hii kwa jicho hilo, sifa zake zinaonekana vizuri zaidi, na hatari yake moja ambayo haisemwi sana inajitokeza pia.

Tuanze na waya wenyewe. Titani ina uzito wa karibu asilimia 60 ya chuma cha ujazo uleule, haishiki kutu baharini, na mwili wa binadamu huipokea bila ugomvi. Madini yake tunayafahamu pwani: kuanzia mwaka 2013 hadi mwisho wa 2024, mchanga wa Kwale ulichimbwa ilmenaiti na rutili, ukapakiwa melini Likoni. Sehemu kubwa ya madini hayo duniani huishia kuwa rangi nyeupe ya kuta, plastiki na karatasi. Kiasi kidogo tu hugeuzwa metali, kwa njia ambayo William Kroll aliibuni mwishoni mwa miaka ya 1930, na sehemu ndogo ya metali hiyo ndiyo inayovutwa kuwa waya.

Waya huo mdogo una kazi nzito. Miaka ya 1970 ilipoanza, George Andreasen wa Chuo Kikuu cha Iowa aliingiza kwenye tiba ya kunyoosha meno waya wa nitinoli, aloi ya nikeli na titani inayorudi umbo lake baada ya kupindwa. Mwaka 1980 Charles Burstone na Jon Goldberg wakaleta aloi nyingine ya titani, isiyo na nikeli, kwa kazi hiyohiyo. Tangu Sven-Ivar Seldinger wa Sweden aeleze mwaka 1953 jinsi ya kuingia kwenye mshipa wa damu kwa kutanguliza waya, nyaya za kuongozea zimekuwa chombo cha kila siku cha madaktari wa moyo, na nyingi kati ya hizo leo zina kiini cha nitinoli. Kuna stenti zinazosukwa kwa waya kama kikapu ili kuuweka mshipa wazi. Upande wa viwandani kuna waya wa kuchomelea, na ule unaoyeyushwa tabaka juu ya tabaka kujenga vipande vya ndege. Huko uchafu ulionaswa kwenye mikwaruzo ya waya hutoa haidrojeni na kuacha vitundu ndani ya kiungo.

Mikwaruzo inatoka wapi? Waya huzaliwa kwa kuvutwa. Sonara wa Lamu au Zanzibar anaijua kazi hiyo: ana chamburo yake, bamba la matundu yanayopungua ukubwa, na waya wa fedha hupitishwa tundu baada ya tundu hadi uwe mwembamba atakavyo. Kiwandani mantiki ni ileile, ila tundu ni la kabidi ya tangsteni au almasi na waya unavutwa kwa mashine. Fedha hupita kwa utiifu. Titani hung'ang'ania: ina tabia ya kugandana na chochote inachosuguana nacho kwa nguvu, kiasi kwamba vipande vyake hubaki kwenye ukuta wa tundu na kuukwaruza waya unaofuata, au uso wa waya wenyewe unachanika na kukunjika. Kwa kuwa waya unaovutwa huwa mgumu na lazima upashwe moto ili ulegee, tatizo la pili linaingia: titani ikiwa moto hunyonya oksijeni ya hewa, na uso wake unakuwa gamba gumu, kavu, lenye kupasuka kirahisi. Kwa hiyo waya unaotoka kwenye tundu la mwisho una mistari mirefu iliyolala kufuata urefu wake, sehemu zilizochanika, vitundu, mabaki ya kilainishi, na pengine gamba.

Kwa nini tuhangaike na vitu ambavyo jicho halivioni? Mwaka 1913 Charles Inglis alionyesha kwa hesabu kwamba mkazo kwenye ncha ya ufa hukua kulingana na kina cha ufa na ukali wa ncha yake. Chukua mkwaruzo wa kina cha mikroni 5 wenye ncha ya nusu mikroni, uliokatiza njia ya mvuto: mkazo kwenye ncha hiyo unazidi mkazo wa kawaida wa waya zaidi ya mara 7. Ukiupanua mkwaruzo huohuo bila kuupunguza kina, ncha ikawa na mviringo wa mikroni 5, kizidisho kinashuka hadi 3. Maana yake ni kwamba si lazima mkwaruzo utoweke. Kuifanya ncha yake iwe butu tu kunaweza kuwa tiba. Mshipa wa damu hutanuka na kusinyaa kwa kila pigo la moyo, na stenti hupimwa kwa mizunguko ipatayo milioni 400, sawa na miaka 10 ya mapigo. Kwa hesabu ya namna hiyo, ufa unaoanza kwenye mkwaruzo wa mikroni 5 una muda wa kutosha kutembea.

Tiba za zamani zipo, na zinafanya kazi. Gamba la oksijeni huondolewa kwa asidi ya nitriki iliyochanganywa na asidi ya hidrofloriki, na hii ya pili ndiyo inayoila titani. Ni kemikali ya kuogopa: ikigusa ngozi hupenya hadi ndani na kuikamata kalsiamu ya mwili, wakati mwingine bila maumivu makali katika saa za mwanzo, na kisha mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Waya nao una hatari yake, kwa sababu titani hunywa haidrojeni inayotoka katika asidi na kuwa rahisi kuvunjika. Mafundi huweka nitriki mara 10 hivi ya hidrofloriki ili kupunguza unywaji huo. Njia nyingine ni kung'arisha kwa umeme ndani ya asidi, ambako vilele huyeyuka haraka kuliko mabonde. Uso unaopatikana hapo ni mzuri sana. Lakini historia ya kazi hiyo ina tarehe 20 Februari 1947, siku ambayo karakana ya O'Connor jijini Los Angeles, iliyokuwa ikiing'arisha alumini katika mchanganyiko wa asidi ya perikloriki na anhidridi ya asetiki, ililipuka na kuua watu 17. Viwanda vimehamia michanganyiko isiyo ya hatari kiasi hicho, ila asidi iliyotumika bado inahitaji mahali pa kumwagwa na mtu wa kuisimamia.

Kusaga kwa jiwe nako kuna dosari yake. Aloi ya titani inayotumika zaidi, yenye alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4, hupitisha joto kwa kiwango cha karibu moja ya saba ya chuma cha kawaida. Joto la msuguano halina pa kwenda. Linabaki usoni, linauunguza, na linapopoa linaacha uso umevutika, tayari kwa ufa. Isitoshe, jiwe la kusagia ni gumu na waya ni mviringo mwembamba unaotetemeka. Jiwe linataka kazi iliyoshikwa imara, na waya wa nusu milimita haushikiki imara.

Hapo ndipo brashi ya sumaku inapopata nafasi yake. Wazo lenyewe si geni: Mmarekani Harry P. Coats alikuwa ameliombea hataza tangu mwishoni mwa miaka ya 1930. Lilikomazwa na watafiti wa Kisovieti, hasa Leningrad na Minsk, katika miaka ya 1960 na 1970, kisha katika miaka ya 1980 Takeo Shinmura na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utsunomiya, Japani, wakalifanya kuwa somo la maabara lenye vipimo. Kilicholipa nguvu mpya ni sumaku za neodimi, chuma na boroni, zilizotangazwa karibu wakati mmoja Japani na Marekani mwaka 1983 na 1984. Kabla yake, kupata uga mkali kulihitaji koili nzito zenye kupata moto. Leo sumaku ya ukubwa wa kiberiti inatosha, mradi isipate joto: zile za kawaida huanza kupoteza nguvu zikipita nyuzi 80 hivi.

Tazama brashi hiyo kwa karibu. Chembe ya chuma ina upana wa mikroni 100 hadi 300; chembe ya almasi iliyo pembeni yake haizidi mikroni chache. Ndani ya uga kila chembe ya chuma inakuwa sumaku ndogo na kushikana na ya mbele yake, mpaka minyororo inaunganisha ncha ya kaskazini na ya kusini. Mafuta kidogo yanazishika almasi kwenye minyororo. Waya wa titani ukiingia katikati, minyororo haivutwi nao. Inaupita kando, ikapindika kuuzunguka. Mnyororo uliopindwa unajaribu kunyooka tena, na katika kujaribu huko unaubana waya, almasi ikiwa imekwama katikati. Kani ya kila almasi ni ndogo mno. Ikikutana na kilele inakikata. Ikikutana na upinzani mkubwa, mnyororo unalegea na almasi inageuka. Hakuna jiwe lenye uvumilivu wa namna hiyo. Na kwa kuwa brashi haina umbo la kudumu, inaukumbatia mviringo wa waya pande zote kwa pamoja.

Kutovutwa kwa titani kuna faida na hasara. Waya wa chuma ungeivuta mistari ya uga ndani yake, brashi ikajibana juu yake kwa nguvu, na waya wenyewe ungevutwa kwenda kwenye ncha moja ya sumaku. Titani inabaki katikati kwa utulivu, lakini kanieneo inayoipata ni hafifu. Hii ndiyo sababu ya kuweka ncha mbili zinazotazamana badala ya moja, na ya kuzichonga ncha hizo mifereji na kingo, ili uga usiwe sawa kila mahali; chembe hukimbilia palipo na uga mkali, na pasipo na tofauti ya ukali hazina sababu ya kusukumana. Kanieneo hukua kwa mraba wa uga: ukiongeza uga mara 2, inakuwa mara 4, hadi chuma kinaposhiba sumaku na kukataa kuongeza. Nafasi kati ya ncha na waya nayo ina uzito mkubwa, na kwa kawaida ni milimita moja au mbili. Kuongeza milimita moja tu kunaweza kuifanya brashi ilegee.

Kasi ndiyo iliyonishangaza zaidi nilipoifanyia hesabu. Tangu F. W. Preston aandike kuhusu kung'arisha vioo mwaka 1927, inajulikana kwamba kiasi kinachoondolewa hulingana na kanieneo ikizidishwa kwa kasi ya msuguano. Sasa chukua waya wa kipenyo cha nusu milimita na brashi inayouzunguka mara 1,000 kwa dakika. Mzingo wa waya ni milimita 1.57, kwa hiyo hata kama brashi haibaki nyuma ya mzunguko huo hata kidogo, almasi inatembea juu ya uso kwa mita 1.57 tu kwa dakika, yaani sentimita 2.6 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa chungu mwenye haraka. Kwa bomba la inchi 2 mzunguko huohuo ungetoa kasi mara 100. Wembamba wa waya ndio unaoiua. Baadhi ya mitambo hujaribu kulitatua hilo kwa kuongeza mizunguko hadi maelfu mengi kwa dakika, na mtikisiko unakuja nao, kwa sababu waya mwembamba usiokazwa vizuri hucheza kama kamba ya gitaa.

Upo ufumbuzi mwingine, nao unatuingiza kwenye lile suala la mkwaruzo upi. Mbali na kuzunguka, brashi inaweza kutikiswa mbele na nyuma kufuata urefu wa waya. Tuseme inatikiswa mara 10 kwa sekunde, milimita 2 kila upande. Kwa kila mtikiso almasi inasafiri milimita 8, kwa hiyo kasi yake ya wastani ni sentimita 8 kwa sekunde, mara 3 ya ile iliyotokana na kuzunguka. Kazi imeongezeka zaidi ya mara 3, bila mota ya kasi kubwa. Kilicho muhimu kuliko kasi hiyo ni kwamba mikwaruzo midogo inayoachwa na almasi imegeuka uelekeo.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie nami. Waya ukivutwa au ukipindwa, mkazo wake unatembea kufuata urefu. Mkwaruzo uliolala kufuata urefu huo hauukatizi mkazo, kwa hiyo madhara yake ni madogo. Uliolala kukata waya ndio anaouzungumzia Inglis. Mistari iliyoachwa na tundu la kuvutia waya, ile inayoonekana vibaya chini ya hadubini, mingi imelala kufuata urefu. Ni mibaya kwa sura kuliko kwa nguvu. Maadui wa kweli ni sehemu zilizochanika, zenye kingo za kukatiza, na vitundu. Sasa brashi inayozunguka tu, bila kutikiswa, inafuta mistari ya urefu na kuchora badala yake mikwaruzo midogo ya duara, inayouzunguka waya kama pete. Wastani wa mparuzo unashuka, picha inapendeza, na mikwaruzo yote iliyobaki imelala katika uelekeo mbaya kuliko wote. Ikiwa kina chake ni sehemu moja ya mia ya mikroni, si neno. Ikiwa kazi ilikomea kwenye chembe za ukubwa wa kati kwa sababu namba ilishatosha, basi waya umepewa uso mzuri na udhaifu mpya kwa wakati mmoja. Brashi inayotikiswa kwa kiasi nilichotaja huacha mikwaruzo iliyoinama nyuzi 18 hivi tu kutoka kwenye urefu wa waya. Ningechagua hiyo hata kama wastani wake ungekuwa juu kidogo.

Waya wa kuongozea, ambao daktari huusokota kwa vidole ili ncha igeuke ndani ya mshipa, una hesabu tofauti, kwa sababu msokoto hupeleka mvuto kwa mshazari wa nyuzi 45. Huko hakuna uelekeo ulio salama kabisa, na dawa ni kumaliza kwa chembe ndogo kabisa.

Upimaji wenyewe unachangia kuficha mambo haya. Kifaa cha kawaida cha kupima mparuzo huburuta sindano juu ya uso na kurekodi kupanda na kushuka kwake. Juu ya waya wa nusu milimita haiwezekani kuburuta sindano kwa upana. Itateleza kwenye mviringo. Kwa hiyo huburutwa kwa urefu. Lakini mistari ya tundu nayo imelala kwa urefu! Sindano inasafiri sambamba nayo, pengine ndani ya mfereji mmoja mwanzo hadi mwisho, na kutoa namba ndogo kuliko hali halisi. Baada ya kung'arisha, sindano hiyohiyo inaivuka mikwaruzo ya duara yote. Tunalinganisha vitu viwili visivyolingana, kisha tunaandika asilimia. Sindano yenyewe ina ncha ya mikroni 2 au 5, ambayo haiwezi kufika chini ya ufa wa nusu mikroni, na huo ndio ufa tulioanza nao. Hadubini za mwanga zinazopima uso kwa eneo, au zile za elektroni, ndizo zinazofaa, na kipimo cha kutazama ni kina cha bonde refu kuliko yote.

Kwenye meno nako ulaini umebeba matarajio makubwa kuliko uwezo wake. Mtu angedhani waya mlaini zaidi ndio unaoteleza vizuri kwenye vibanio vya chuma. Robert Kusy wa Chuo Kikuu cha North Carolina na wenzake walizipima nyaya za aina mbalimbali kwa leza katika miaka ya 1980 mwishoni, wakakuta nitinoli ndiyo yenye mparuzo mkubwa zaidi, lakini msuguano mkubwa zaidi ukawa wa ile aloi ya titani isiyo na nikeli, iliyo laini kuliko nitinoli. Ni tabia ileile ya kugandana tuliyoiona kwenye tundu. Kung'arisha kunausaidia waya huo, kwa kuwa uso laini hukusanya uchafu kidogo na hauanzishi ufa. Ila anayetarajia msuguano wa titani ulingane na wa chuma kwa sababu tu waya unang'aa, atavunjika moyo.

Kingine kinachosahaulika ni kwamba kung'arisha ni kupunguza. Ukiondoa mikroni 5 kuzunguka waya wa nusu milimita, kipenyo kinakuwa 0.49. Nguvu ya kuvuta inapungua asilimia 4, ambayo inavumilika. Ugumu wa kupinda, ambao hufuata kipenyo kikipandishwa hadi kipeo cha 4, unapungua karibu asilimia 8, na daktari wa meno aliyechagua waya huo kwa nguvu fulani ya kusukuma jino atapata pungufu. Kwa waya wa stenti wenye kipenyo cha moja ya kumi ya milimita, mikroni zilezile 5 zinaondoa theluthi moja ya ugumu. Kwa hiyo anayevuta waya na anayeung'arisha lazima wapange pamoja tangu mwanzo: waya uvutwe mnene kidogo, na kina cha mkwaruzo mbaya kijulikane kabla sumaku haijawekwa mezani. Brashi haiwezi kuokoa waya uliochanika mikroni 20.

Mwendo wa polepole wa kazi ndio kizuizi kikubwa cha kibiashara. Tuseme brashi ina urefu wa milimita 60 na kila sehemu ya waya inahitaji dakika 3 ndani yake. Waya utatembea milimita 20 kwa dakika, mita 1.2 kwa saa, na kilomita moja itachukua siku 35 mchana na usiku. Kwa waya wa kuchomelea hilo halina maana hata kidogo. Vichwa vitatu au vinne vilivyopangwa mfululizo, cha kwanza na chembe kubwa na cha mwisho na chembe ndogo, huharakisha kazi na kumaliza vizuri zaidi, lakini havibadilishi ukweli kwamba hii ni kazi ya waya wa bei kubwa unaouzwa kwa mita. Mchanganyiko nao huchoka: almasi zinaporuka nje ya brashi au chuma kinapojaa unga wa titani, ukataji unafifia, na mita ya mwisho ya koili haifanani na ya kwanza. Chembe ambazo chuma na kisagio vimeunganishwa kiwandani kuwa kitu kimoja hudumu zaidi, kwa gharama zaidi.

Baada ya kung'aa kuna kuoshwa, na hapa sitaki ulegevu. Titani ni laini kuliko almasi na inagandana; chembe za kisagio na vipande vya chuma huzama usoni na kubaki. Chuma kilichobaki juu ya waya unaokwenda ndani ya mwili ni mwanzo wa kutu. Kwa bahati nzuri asidi ya nitriki huyeyusha chuma bila kuigusa titani, na husaidia kujenga upya utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache ambao ndio ngao ya metali hii. Kwa nitinoli, ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake ni nikeli, utando huo ndio unaoizuia nikeli isivuje kwenye damu, kwa hiyo waya ulioishia kwenye brashi bila kuoshwa na kutengenezewa utando haujakamilika, uwe umeng'aa namna gani. Unga mkavu wa titani pia huwaka moto, na maji juu ya titani inayoungua hutoa haidrojeni. Ni bora mafuta yasikauke kwenye brashi na unga usirundikwe.

Nikizipanga njia hizi mbele yangu, siioni sumaku ikiifukuza asidi kabisa. Gamba la oksijeni bado litaondolewa kwa asidi. Stenti iliyokwisha kusukwa, yenye vipembe ambavyo brashi haivifikii, bado ni ya kung'arishwa kwa umeme. Lakini kwa waya ambao haujasukwa wala kukunjwa, mwembamba, wa bei, unaohitaji kupoteza mikroni chache tu bila joto, brashi ya sumaku ina uungwana kwa kazi ambao sijauona kwenye njia nyingine, na karakana haihitaji tangi la asidi ya kuogofya ili kuianzisha.

Kinachokosekana ni jaribio lililo wazi. Chukua koili moja ya waya wa titani, uigawe mafungu matatu. La kwanza lipunguzwe kwa tundu tu. La pili ling'arishwe kwa brashi inayozunguka bila kutikiswa. La tatu kwa brashi inayozunguka na kutikiswa. Mafungu yote yafikishwe kipenyo kimoja, ili asije mtu akadai tofauti imetokana na unene, na yapashwe moto kwa namna moja kabla ya hatua ya mwisho. Kisha kila waya upindwe na kuzungushwa mpaka ukatike, na sehemu uliyokatikia itazamwe chini ya hadubini ili kujua ufa ulianzia kwenye mkwaruzo gani. Mashine ya jaribio hilo ni mota, vishikio viwili na kihesabio cha mizunguko; idara yoyote ya uhandisi mitambo, Dar es Salaam au Nairobi, inaweza kuiunda kwenye karakana yake na kuanza kuhesabu.